Ukubwa wa Turubai: Mhadhara wa Pili juu ya Uhalisia katika Uchoraji wa Magharibi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Juma lililopita tulipokuwa tukiagana, mama mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliuliza swali ambalo sikulijibu, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na pia kwa sababu swali lenyewe lilistahili kupewa jioni nzima. Aliuliza hivi: ikiwa uhalisia ni kuchora kitu kikafanana na kilivyo, na ikiwa wachoraji wa Ulaya walikwisha kuimudu kazi hiyo miaka mia nne kabla, kwa nini watu wa Paris walichukizwa, mwanzoni mwa mwaka 1851, na picha ya Gustave Courbet ya mazishi ya Ornans, mji mdogo wa shamba, ambayo kila kilichomo kinafanana na kilivyo? Nimelitafakari swali hilo juma zima. Jibu langu ni kwamba ufanano haukumchukiza mtu yeyote. Kilichowachukiza ni ukubwa wa turubai, na waliokuwa juu yake.

Naomba basi tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno. Ufanano ni ustadi wa jicho na mkono: mchoraji anatazama zabibu, anachora zabibu, na mtazamaji anatamani kuzichuma. Uhalisia, neno ambalo wengi wetu tulilipata kwanza katika madarasa ya fasihi, ni uamuzi. Mchoraji anaamua nani achorwe, achorwe katika hali gani, na apewe nafasi kiasi gani ukutani. Mrumi Plinius alisimulia kisa cha wachoraji wawili wa Kigiriki, Zeuxis na Parrhasius, walioshindana. Zeuxis alichora zabibu, ndege wakaja kuzidonoa. Akamgeukia mwenzake na kumwambia aondoe pazia ili picha yake nayo ionekane, kumbe lile pazia ndilo picha. Zeuxis akakubali kushindwa, kwa kuwa yeye aliwadanganya ndege na mwenzake amemdanganya mchoraji. Ni kisa kitamu, lakini kimetupotosha kwa muda mrefu, kwa sababu kimetuzoesha kumpima mchoraji kwa idadi ya watu waliodanganyika.

Kwa upande wa ustadi, nadiriki kusema kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kutengemaa kabla ya mwaka 1440. Mwaka 1434, katika mji wa Bruges, Jan van Eyck alichora mume na mke wa tabaka la wafanyabiashara wakiwa chumbani mwao, kwenye ubao usiofika hata mita moja kwenda juu. Rangi zake zilisagwa na kuchanganywa na mafuta yanayokauka polepole, jambo lililomruhusu kuweka tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, mwanga ukapenya ndani na kurudi ukiwa na joto la shaba, la manyoya, la ganda la chungwa lililoachwa dirishani. Ukutani nyuma ya wawili hao pametundikwa kioo cha mviringo, na ndani ya kioo tunawaona kwa mgongo, na mbele yao watu wengine wawili wanaoingia mlangoni. Juu ya kioo ameandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa. Miaka kadhaa kabla ya hapo, huko Florence, msanifu majengo Brunelleschi alionyesha jinsi mistari ya sakafu na dari inavyokutana mahali pamoja machoni pa mtazamaji, na mwaka 1435 mwanazuoni Alberti akaiandika kanuni hiyo kitabuni ili kila mwanafunzi aijue. Baada ya hapo, aliyetaka kuchora kitu kikafanana alikuwa na zana zote. Kilichobaki kugombewa kilikuwa jambo lingine.

Ugomvi huo tunauona waziwazi Roma. Mwaka 1601 mwanasheria Laerzio Cherubini alimwagizia Michelangelo Merisi, ambaye sote tunamjua kwa jina la mji wa kwao, Caravaggio, picha ya kifo cha Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la Santa Maria della Scala, la watawa Wakarmeli, katika mtaa wa Trastevere. Desturi ilitaka kifo hicho kionekane kama usingizi, na mbingu ziwe tayari kufunguka. Caravaggio alichora maiti. Mwanamke mwenye gauni jekundu amelazwa juu ya kitanda kifupi mno, tumbo limevimba, mkono umening'inia, na miguu mitupu imetokeza nje ya shuka. Mitume waliomzunguka ni wazee wenye vipara, na mmoja wao anajifikicha macho kwa ngumi kama mtoto. Mbele kabisa Maria Magdalena ameinama juu ya kiti chake akilia hata uso hauonekani, na miguuni pake pana beseni la shaba, ambalo kila aliyewahi kumwosha maiti wake atalitambua bila kuambiwa.

Watawa waliikataa. Mchoraji Rubens, aliyekuwa Roma wakati huo, aliona kilichomo na akamshauri mtawala wa Mantua ainunue. Kabla haijasafirishwa mwaka 1607, iliwekwa wazi kwa siku chache ili wachoraji wa Roma waje kuitazama. Leo ipo Louvre, jumba kuu la makumbusho la Paris. Lakini ninaitaja hapa kwa sababu ya kimo chake, ambacho kinazidi mita 3 na nusu. Miili ya watu wa chini, yenye vumbi na uvimbe, ilikwisha kupewa ukuta mkubwa miaka mia mbili na hamsini kabla ya yale mazishi tuliyoulizwa habari zake. Ilipewa ukuta huo kwa sharti moja tu, kwamba iitwe kwa majina matakatifu. Yule mwanamke angekuwa mama fulani wa mtaa wa Trastevere, asiye Maria, hakuna ambaye angeagiza turubai la ukubwa ule kwa ajili yake.

Njia nyingine ya kupata nafasi ilikuwa picha ya sura ya mtu, na hiyo nayo kwa kawaida ilikuwa mali ya wafalme, maaskofu na wenye fedha. Nitasimama kidogo kwenye mfano mmoja ambao sikuweza kuupita. Mwaka 1650 Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, akiwa safarini Roma, alimchora Juan de Pareja, msaidizi wake wa karakana, mtu mwenye asili ya Afrika ambaye wakati ule alikuwa mtumwa wa Velázquez mwenyewe. Tazameni anavyosimama. Mkono umekunjwa mbele ya kifua kama wakuu wanavyosimama, kola nyeupe ya lesi imepigwa kwa viboko vichache vya brashi ambavyo kwa karibu ni fujo tupu na kwa mbali ni kitambaa, na macho yanamtazama mtazamaji sawa kwa sawa, bila kuomba chochote. Picha hiyo ilionyeshwa katika Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, mwezi Machi mwaka huo na kusifiwa sana. Mwezi Novemba, Velázquez alitia sahihi hati ya kumwacha huru, nayo hati ikasema kwamba uhuru utakamilika baada ya miaka minne zaidi ya utumishi. Mimi siwezi kuitazama picha hiyo bila kuhesabu miezi: aliyechorwa kwa heshima ile, siku ile ya Pantheon, alikuwa bado anamilikiwa na aliyemchora. Baadaye Pareja mwenyewe alikuwa mchoraji, na katika picha yake kubwa ya mwaka 1661 ya kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, iliyopo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, alijichora pembeni akiwa ameshika karatasi yenye jina lake.

Waholanzi walipata njia ya tatu, nayo ilikuwa kupunguza vipimo. Mjakazi wa Vermeer anayemimina maziwa, aliyechorwa karibu na mwaka 1658, ana uzito na utulivu wa sanamu ya kanisani, na ukutani nyuma yake mchoraji hakusahau hata msumari mmoja usioning'iniza kitu, na kivuli chake. Turubai zima lina kimo cha sentimita 45 na nusu. Mtumishi aliruhusiwa kuingia katika sanaa maadamu anatosha kwenye ukuta wa sebule.

Mwaka 1667, André Félibien, akiandika kwa niaba ya Chuo cha Kifalme cha Uchoraji cha Ufaransa, aliupa mpangilio huu msingi wa nadharia. Juu kabisa aliweka picha za historia, yaani matendo makuu ya dini, ya mashujaa na ya visasili. Chini yake sura za watu, kisha wanyama, mandhari, na mwisho matunda na vitu visivyo na uhai. Maisha ya kila siku ya wakulima na wapishi yakahesabiwa miongoni mwa mambo ya chini. Vipimo vya turubai vikafuata vyeo: mita kadhaa kwa mfalme anayeshinda vita, sentimita kadhaa kwa mama anayemenya viazi. Sheria hiyo haikuwa na haja ya kuandikwa mlangoni mwa Salon, yale maonyesho rasmi ya Paris, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa nayo machoni tayari.

Sasa tumefika Ornans. Gustave Courbet alizaliwa karibu na mji huo mdogo wa jimbo la Franche-Comté, upande wa mpaka wa Uswisi, tarehe 10 Juni 1819, katika familia ya wakulima wenye mashamba yao. Mwaka 1849, akiwa tayari na jina kidogo Paris, alirudi kwao na kuanza kuchora mazishi katika chumba kisicho na nafasi ya kutosha kurudi nyuma na kuitazama kazi yake nzima. Turubai lake lilizidi mita 3 kwenda juu na mita 6 na nusu kwa upana. Akawaita wenyeji waje mmoja mmoja wachorwe: meya, padri, mchimba kaburi, wazee wawili waliovaa bado mavazi ya enzi za ujana wao, za Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza 1789, mama yake mzazi, na dada zake watatu. Wote kwa pamoja wanazidi arobaini, na wamechorwa kwa kimo cha mtu halisi.

Hebu tuipitie picha polepole kutoka kushoto. Jeneza linaletwa likiwa limefunikwa kitambaa cheupe, na wanaolibeba, wenye kofia za ukingo mpana, wamegeuza nyuso zao pembeni. Kuna watoto wawili wa altareni, na mmoja ameinua macho kumtazama mtu mzima aliye karibu naye, kwa sura ya mtoto aliyechoka kusimama. Msalaba umeinuliwa juu ya mstari wa vilima, ndio kitu pekee kinachovuka upeo wa mbali na kuingia mbinguni. Padri anasoma kitabu chake. Mchimba kaburi amepiga goti moja kando ya shimo, koti lake amelivua na kuliweka chini, na anangoja wamalize ili afanye kazi yake. Wahudumu wawili wa kanisa wamevaa majoho mekundu na nyuso zao ni nyekundu vilevile. Kulia ni wanawake, wamekusanyika upande wao wakiwa wamevaa nguo nyeusi, wengine na vitambaa usoni, na huzuni yao ndiyo huzuni halisi pekee iliyopo pale. Mbele yao mbwa mweupe amegeuza kichwa anatazama kitu kingine, nje ya picha.

Hakuna anayetazama mahali pamoja na mwenzake. Katika picha za historia zilizofundishwa chuoni, kila mkono na kila jicho huelekezwa kwa shujaa, nasi tunaongozwa tujue la kuhisi. Hapa mmoja anasali, mwingine anawaza shamba lake, mwingine anamtazama jirani, na kila aliyewahi kusimama makaburini anaijua hali hiyo. Marehemu hatajwi jina. Kaburi lenyewe lipo chini katikati, na ukingo wa turubai umelikata, kiasi kwamba nusu yake ya pili, kama tukiendelea kulichora kwa mawazo, ipo upande wetu, chini ya miguu ya anayetazama.

Yapo mambo mawili yanayofaa kukumbukwa ili hasira ya Paris ieleweke. La kwanza ni la siasa. Mapinduzi ya Februari 1848 yaliwapa wanaume wote wa Ufaransa haki ya kupiga kura, na idadi ya wapiga kura ikaruka kutoka chini ya 300,000 hadi takriban milioni 9, wengi wao watu wa mashambani. Watu wale wale wa makoti meusi waliosimama kando ya kaburi la Ornans walikuwa ghafla ndio wenye kuamua nani ataitawala nchi. La pili ni maneno ya Courbet mwenyewe, ambaye katika daftari la Salon aliiandikisha kazi yake kama picha ya watu, historia ya mazishi ya Ornans. Neno historia hakuliweka kwa bahati mbaya. Alikitwaa cheo cha juu kabisa cha Félibien, na mita zake, akawapa watu ambao hawakuwa wafalme, wala watakatifu, wala hata wakulima wazuri wa mashairini.

Kwanza aliwaonyesha wenyeji wa Ornans, halafu Besançon na Dijon. Ilipofika Paris, wahakiki walilalamikia ubaya wa sura, wekundu wa pua za wale wahudumu, na weusi wa nguo. Lakini sura mbaya zilikuwapo tele katika picha ndogo za Waholanzi zilizotundikwa majumbani mwa hao hao waliolalamika, na zilichukuliwa kuwa za kupendeza. Ndiyo maana nasema kwamba kilichouma ni vipimo. Mtu wa chini aliyechorwa kwa sentimita 30 anachekesha au anahurumiwa. Aliyechorwa kwa kimo chake kamili anasimama mbele yako na kukutazama kama mwenzako.

Katika majira hayo hayo Courbet alichora wavunja mawe wawili, mzee na kijana, aliowakuta wakifanya kazi kando ya barabara na kuwaomba waje kwenye chumba chake cha kuchorea. Mzee amepiga goti, amevaa viatu vya mbao na soksi zilizotoboka kisigino. Kijana ameinua kapu la kokoto lililomwelemea. Nyuso zao hatuzioni, mmoja amefichwa na kofia na mwingine ametupa mgongo. Courbet aliwaandikia rafiki zake kwamba katika kazi hiyo mtu huanza kama yule kijana na kuishia kama yule mzee, na sidhani kuna maelezo bora ya picha ile. Turubai hilo halipo tena. Liliangamia mwaka 1945 lilipokuwa likihamishwa kutoka Dresden wakati wa vita, nasi tunalijua kwa picha za kamera tu.

Nimeitaja kamera, na najua wengi hudhani kwamba uhalisia huu ulizaliwa na mashine ya Daguerre iliyotangazwa mwaka 1839. Sikubaliani sana na maoni hayo. Kamera ya wakati ule isingeweza kuwaweka watu arobaini kwa kimo chao ukutani, na isitoshe Courbet alipaka rangi nzito, mara nyingi kwa kisu badala ya brashi, hata mwamba katika picha zake unakwaruza kama mwamba. Kazi hiyo haiigi mashine.

Mwaka 1855, baraza la waamuzi wa Maonyesho ya Dunia ya Paris lilizikubali picha zake kadhaa, likakataa kazi zake mbili kubwa kuliko zote, ile ya mazishi na ile ya karakana ya mchoraji. Courbet akajenga banda lake mwenyewe jirani na maonyesho, kwa gharama yake na kwa msaada wa tajiri aliyempenda, akaliandika mlangoni kuwa ni la uhalisia. Katika karatasi aliyowagawia watazamaji alisema kwamba jina la mhalisia amebandikwa na watu, na kwamba nia yake ni kuonyesha desturi, mawazo na sura ya zama zake jinsi yeye anavyoziona, na kufanya sanaa iliyo hai. Watu walioingia hawakuwa wengi. Mmoja wao alikuwa Delacroix, mzee wa upande wa pili kabisa wa uchoraji, aliyekaa humo karibu saa nzima na kuandika katika shajara yake kwamba waamuzi wamekataa mojawapo ya kazi za pekee za wakati huo.

Baada yake mlango haukufungika. Mfaransa mwenzake Millet aliwachora wanawake watatu wakiokota masazo ya ngano mwaka 1857, kwenye turubai la kiasi, na hata hivyo wapo waliotishika. Huko Urusi, Ilya Repin alikwenda mto Volga kiangazi cha mwaka 1870, akakaa na watu waliokuwa wakiburuta mashua kwa kamba vifuani, na mwaka 1873 akamaliza picha ya watu kumi na mmoja kati yao, karibu mita 3 kwa upana. Aliye mbele kabisa alikuwa zamani padri, na jina lake, Kanin, limehifadhiwa mpaka leo, jambo ambalo kwa mburuta mashua wa karne ya 19 si dogo.

Courbet mwenyewe hakumaliza vizuri. Mwaka 1871 alishiriki katika serikali ya Komuni ya Paris, utawala wa waasi ulioushika mji huo kwa muda mfupi, na ilipovunjwa alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuhusishwa na kuangushwa kwa mnara wa Vendôme, uliojengwa kuutukuza ushindi wa Napoleon. Baadaye akadaiwa gharama za kuusimamisha upya, zaidi ya faranga 323,000. Alikimbilia Uswisi mwaka 1873. Ilikubaliwa hatimaye alipe faranga 10,000 kila mwaka kwa miaka 33, malipo ya kwanza yakiwa tarehe 1 Januari 1878. Alifariki tarehe 31 Desemba 1877.

Picha ya mazishi ilibaki mikononi mwa familia. Mwaka 1881 Juliette Courbet, dada yake mdogo, aliitoa zawadi kwa taifa la Ufaransa, na leo ipo Musée d'Orsay, ambako ina ukuta wake. Yule mama aliyeniuliza swali, kama yupo hapa jioni hii, namwomba siku atakapojaliwa kufika Paris amtafute Juliette upande wa kulia wa turubai, miongoni mwa wanawake waliovaa nyeusi, amesimama kwa kimo chake kamili.

Asanteni kwa kunisikiliza.